Baba Alipozungumza na Pazia

Mondovì, 6 Septemba

Kaka yangu mpendwa Ruggero,

Kwanza nipe habari za mgongo wako. Mara ya mwisho ulisema unakuuma ukiinama kuchomelea zile sehemu za chini za meli, na Baba alisema ukae juu ya kipande cha godoro, usikae juu ya chuma kitupu. Je, umekipata hicho kipande? Na chakula, unakula cha moto au bado ni samaki baridi na mkate mweusi? Huku jua la Septemba ni zuri, zabibu za mzee wa jirani zimeiva, na shule inafunguliwa wiki ijayo. Mimi ni mzima. Baba ni mzima. Mama pia ni mzima, nakuomba uamini hilo kabla hujaendelea kusoma.

Mwalimu wetu Bi. Castagneri alitufundisha kwamba barua isimtishe msomaji katika mstari wa kwanza, lakini pia isimdanganye zaidi ya aya moja. Aya yangu moja imekwisha. Jumapili uliniuliza kwenye simu mbona unasikia ndege wa baharini nyuma ya sauti ya Mama, wakati Mondovì hakuna bahari. Mimi nikakuambia ameenda Chiavari kumsaidia Mama mkubwa Zita kupaka rangi nyumba. Nilisema hivyo kwa kuwa Baba alikuwa amesimama karibu yangu akimenya pichi. Kaka, hakuna rangi inayopakwa. Mama alibaki kwa Mama mkubwa tulipokuwa tunarudi kutoka likizo, na hajasema siku ya kurudi nyumbani. Nimeona nikuandikie kwa sababu kwenye simu utaniuliza swali moja tu, nami nitashindwa kulijibu bila kulia, na wewe uko mbali na utaumia bure.

Ili uelewe, inabidi nianzie Februari. Mwezi huo Mama alikutwa na uvimbe kwenye titi, wakamfanyia upasuaji. Usikasirike. Yeye mwenyewe alitukataza kukuambia. Alisema ndiyo kwanza umeajiriwa, uko kwenye majaribio, na ukisikia utapanda ndege uache kazi. Uvimbe haukuwa wa aina mbaya, daktari ametuhakikishia, na vipimo vya Juni vilikuwa safi. Kwa hiyo la ugonjwa lilipita. Lisilopita ni kwamba Baba hakwenda hospitali.

Hakwenda siku ya kulazwa, hakwenda siku ya upasuaji, na hakwenda kumchukua. Mimi ndiye niliyekwenda na Mama kwa basi, nikimbebea begi lake. Baba siku hizo zote alikuwa uani, ndani ya Nyangumi, nyumba yetu ya magurudumu. Unamjua Nyangumi wetu anavyokuwa wakati wa baridi, amefunikwa turubai kama maiti. Baba alimfunua kwenye theluji, akang'oa sakafu, akabadilisha mabomba yote na pampu ya maji. Mama aliporudi na bandeji chini ya sweta, Baba alitoka ndani ya Nyangumi mikono imejaa grisi, akasimama mlangoni, akamwambia kwamba pampu sasa inafanya kazi. Mama akajibu, "Vizuri, Ottavio." Akapanda ngazi kwenda kulala.

Hawakugombana. Ingekuwa heri wangegombana, maana wewe unajua magomvi yao ya zamani, Mama akirusha kitambaa cha vyombo na Baba akikidaka na kujifuta nacho jasho mpaka Mama anacheka. Safari hii waliongea kwa adabu kama watu wawili kwenye chumba cha kusubiria daktari. "Chumvi tafadhali." "Asante." "Karibu." Adabu hiyo ilijaa ndani ya nyumba hadi nikawa ninaogopa kuangusha kijiko.

Basi mwezi wa Julai Baba aliposema Nyangumi yuko tayari, na Mama akasema sawa, twende kama kila mwaka, moyo wangu uliruka. Nilifikiri bahari itafanya kazi ambayo sisi tumeshindwa. Nilinunua karata mpya. Nilifua yale mapazia ya rangi ya machungwa, nikayapiga pasi. Nilipanga hata mahali pa kuwaacha peke yao, kwamba tukifika kambini kwetu kwenye misonobari, jirani na Gualtiero na mkewe Ines, nitajifanya nina kitabu kikubwa cha kusoma kwa ajili ya shule.

Dalili ya kwanza niliipata kabla hatujatoka uani. Unakumbuka jinsi Baba anavyoita kabla ya kuwasha injini. Yeye amekaa kwenye usukani, Mama yuko nyuma, na Baba anaita kama nahodha. "Ngazi?" Na Mama, "Imepanda." "Gesi?" "Imefungwa." "Dirisha la paa?" "Limeshuka." "Friji?" "Limebanwa." Na mwisho kabisa, kwa sauti ya kuchokoza, "Bosi yupo?" Na Mama, "Yupo, kwa bahati yako." Hapo ndipo injini inawaka. Sikumbuki safari hata moja ya utoto wangu iliyoanza bila maneno hayo. Mwaka huu Baba hakuita. Alizunguka gari mwenyewe, akaisukuma ngazi ndani kwa mkono, akafunga mtungi wa gesi, akapanda, akawasha. Nadhani hakutaka kumlazimisha Mama kujibu. Au aliogopa asijibiwe. Mimi nilisubiri, kama mtu anayesubiri kengele ya kanisa ambayo imeharibika.

Jambo la pili ni kiti. Mama aliniambia, "Kaa mbele wewe, uone bahari. Mimi nitajinyoosha nyuma." Kiti kile cha mbele, pamoja na ramani na dirisha kubwa, nilikililia tangu nikiwa mdogo, na wewe ulikuwa ukinicheka kwamba nitakirithi Mama akishakuwa kikongwe. Nimekipata, kaka, na sikukifurahia hata kilomita moja. Mama alivuta lile pazia la kitanda cha nyuma, na hapo akakaa toka Savona mpaka La Spezia. Barabara ya pwani ilikuwa inang'aa, watu wanauza tikiti maji pembeni, bahari inaonekana na kupotea kila tukitoka kwenye handaki. Kila nyumba ya magurudumu iliyotujia mbele, dereva aliinua mkono kama desturi yetu, na Baba akainua wake. Zamani kila mkono ulikuwa na maneno yake. Baba angesema, "Angalia yule, anampeleka mama mkwe baharini, na kurudi atarudi peke yake." Mama angesema, "Angalia mke wake, anatafuta pa kumteremsha." Sasa ulikuwa mkono tu, unainuka na kushuka.

Siku ya tatu tuliipita Livorno na tukasimama kwenye kituo cha mafuta, kile kidogo chenye duka la mikate ambapo wewe ulitapika juu ya viatu vya Baba. Baba alijaza mafuta. Mimi nilikwenda msalani. Niliporudi pazia la nyuma lilikuwa limevutwa kama kawaida, nikapanda mbele kimyakimya ili nisimwamshe Mama. Baba alilipa, akazunguka gari kukagua. Ngazi ilikuwa nje. Nilimsikia akiisukuma ndani huku akisema peke yake kwamba siku hizi Mama anasahau ngazi. Nakuomba uisome sentensi hiyo tena, kaka, maana mimi nimeirudia kichwani mara nyingi sana. Ngazi ilikuwa nje kwa sababu Mama alikuwa ameshuka. Alikuwa dukani anatununulia mkate wa zeituni. Baba aliona ngazi yenyewe, akaishika kwa mkono wake, akairudisha ndani, akaondoka.

Hatukujua. Tuliendelea na safari kuelekea Cecina. Joto lilikuwa kali, nikaegemeza kichwa kwenye dirisha na kufumba macho, na nadhani Baba alidhani nimelala. Nyumba ya magurudumu ikatujia, Baba akainua mkono. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu tutoke nyumbani, akasema kwa sauti, "Umewaona wale? Mume anaendesha, mke amenuna. Wanatoka kwenye misonobari yetu, lazima Gualtiero amewapikia." Akasubiri. Alikuwa amemchokoza Mama. Mimi nilibana macho, nikamwomba Mungu Mama acheke, au atukane, au akohoe tu.

Pazia halikujibu. Baba akaanza kuongea. Nakuandikia maneno yake kama nilivyoyasikia, kwa sababu hayupo mtu mwingine aliyeyasikia.

Alisema, "Mirella, najua uko macho. Basi sikiliza tu, usijibu." Alisema kwamba lile jengo la hospitali, mama yake aliingia kwa miguu yake na akatolewa kwenye sanduku, na yeye alikuwa kijana, ndiye aliyemshika mkono kumpeleka. Tangu hapo akipita barabara ile anaangalia upande mwingine. Alisema siku Mama alipofungasha begi alikwenda mpaka kwenye kituo cha basi nyuma yetu, akatuona tumepanda, na miguu ikakataa. "Niliogopa, Mirella. Siyo kwamba sikujali. Niliogopa kama mtoto." Akarudi uani, akamfunua Nyangumi, akaona kwamba kama atabadilisha mabomba, basi lazima kuna kiangazi kinakuja, na kama kiangazi kinakuja lazima Mama atakuwemo. Alisema kila nati aliyoikaza aliikaza kwa ajili hiyo. "Na uliporudi, nilitaka kukuambia hayo yote, nikakuambia pampu inafanya kazi. Pampu. Mimi ni mpumbavu wa kukubuhu. Nisamehe."

Ruggero, wewe humjui Baba akilia. Mimi pia nilikuwa simjui. Sauti yake haikubadilika, ila alikuwa anavuta pumzi kati ya neno na neno kama mtu aliyebeba tangi zito la maji. Nilikuwa na furaha isiyo na mfano. Nilijiambia, yameisha, sasa yameisha. Nilisubiri kusikia pazia likivutwa na mkono wa Mama ukitokea kwenye bega la Baba.

Alisubiri naye. Akasema taratibu, "Hata ukinitukana ni sawa." Kisha akasema, "Mirella?" Mwishowe akanigusa goti, akaniomba nikamwangalie Mama kama amelala kweli. Nilifungua mkanda, nikaenda nyuma nikishikilia kabati. Nilivuta pazia. Kitanda kilikuwa kimetandikwa vizuri, mto umewekwa katikati, na juu ya mto kulikuwa na simu ya Mama ikichaji.

Sitaeleza uso wa Baba nilipomwambia. Aligeuza gari penye njia panda ya shamba la alizeti, na Nyangumi mzee wa watu akakimbia kuliko alivyowahi kukimbia, vikombe vinagongana kabatini. Mara moja tu Baba aliniuliza, bila kunitazama, kama nilikuwa nimelala. Nikamwambia hapana. Akatikisa kichwa.

Mama tulimkuta amekaa kwenye ukuta mfupi karibu na pampu ya upepo, kivulini, miguu inaning'inia. Alikuwa ameshakula mkate wake, wetu ameufunga vizuri kwenye karatasi. Alipotuona alicheka, kicheko cha kweli, akasema, "Kumbe mna kumbukumbu." Baba aliteremka. Nilimwona amesimama mbele yake mikono imelegea, midomo inatafuta. Nami moyoni nikawa ninamsukuma, sema, Baba, sema tena. Akasema, "Nilidhani umelala." Mama akamjibu kwamba si kitu. Akampa mkate. Tukapanda.

Kuanzia hapo Baba alirudia kuita. Kila tulipoondoka mahali aliita yote, ngazi, gesi, dirisha, friji, na "Bosi yupo?" alikuwa akiliita kwa nguvu hata watu wa magari ya jirani waligeuka. Mama alijibu kila mara bila kukosa. Ila alijibu "Yupo" tu. Ile "kwa bahati yako" hakuisema hata siku moja.

Kwenye misonobari mahali petu palikuwa wazi, Gualtiero na Ines walikuwa wametuwekea viti viwili ili asipachukue mtu mwingine. Wamezeeka kidogo. Walikuulizia sana, na Gualtiero anataka kujua kama huko uliko wasichana wanaelewa Kiitaliano au unaongea nao kwa mikono. Kwa bahati mbaya habari ya kituo cha mafuta ilitoka, Mama mwenyewe aliisimulia kwa mzaha wakati wa tikiti maji, siku ile ya sikukuu ya katikati ya Agosti, meza zote zimeunganishwa. Watu walicheka mpaka wakajifuta machozi. Gualtiero alisema, "Ottavio, bwana, nifundishe. Mimi wangu nimemsahau kila kituo toka Bergamo mpaka Reggio, anapanda lifti anafika kabla yangu na chakula ameshapika." Ines akamjibu kwamba alikuwa anapanda lifti ili apumzike na uendeshaji wake. Mwingine akasema Baba apewe kengele amfunge Mama shingoni kama ng'ombe wa milimani. Mama alicheka pamoja nao. Baba alikuwa anakata tikiti, na aliendelea kukata hata lilipokuwa limekwisha, anakata maganda. Ines aliona. Alimnyang'anya kisu polepole, akasema, "Basi, Ottavio. Tumeshiba."

Kesho yake nilimfuata Baba alipokwenda kumwaga maji machafu, nikamwambia ayaseme tena yale maneno. Nilimwambia nitakwenda kuogelea niwaache yeye na Mama, nitakaa huko mpaka anipungie taulo. Baba alisafisha mpira wa maji muda mrefu. Akaniambia, "Nilishayasema, mwanangu. Nilikuwa nayo mara moja tu." Nikasema basi nimwambie mimi. Akakataa kabisa. Alisema maneno kama hayo hayatumwi kama mtu anavyotuma chumvi kwa jirani.

Nilijizuia siku zote zilizobaki. Nilijizuia hata Mama alipomwambia Baba, mbele yangu, kwa adabu ileile, kwamba wakati wa kurudi angependa ateremke Chiavari akae kwa dada yake. Baba aliuliza kwa siku ngapi. Mama akasema hajui. Baba akasema, "Sawa," akaenda kuangalia matairi ambayo hayakuwa na tatizo.

Jioni hiyo nilikwenda na Mama kuogelea. Tulikuwa tumekaa kwenye mchanga tunajikausha, na kovu lake lilionekana pembeni mwa nguo ya kuogelea, jembamba kama uzi wa waridi. Nilimwambia asiende. Nilimwambia kwamba Baba hakumwacha kwa kupenda pale kituoni, ilikuwa ni bahati mbaya. Na hapo ndipo Mama aliponiambia lile ambalo limenifanya nikuandikie barua hii.

Alisema anajua ilikuwa bahati mbaya, kwa sababu alituona tukiondoka. Alikuwa ameshatoka dukani, yuko mlangoni na mikate mkononi. Aliona ngazi inaingia. Aliona Baba anapanda. Nyangumi alimpita karibu sana, angeweza kugonga ubavu wake kwa kiganja. "Ningeinua mkono tu, baba yako angeniona kwenye kioo. Yeye huangalia vioo kila wakati, unamjua. Sikuinua." Nilimuuliza kwa nini. Alifikiri, halafu akasema, "Nilisubiri nione kama nitaumia. Nikawaona mmekunja kona, mmepotea. Nikakaa ukutani, nikala mkate wangu, na nilipumua mpaka chini ya tumbo. Tangu Februari sikuwa nimepumua hivyo. Hiyo ndiyo iliyonitisha, Nives. Siyo kusahauliwa."

Basi nikavunja katazo la Baba. Nilimwambia kila kitu, tangu utani wa Baba kuhusu Gualtiero hadi neno nisamehe. Nilimwambia la kituo cha basi, la mkono wa bibi, la nati. Mama alijifunika taulo kichwani kama mtu anayekausha nywele, akabaki hivyo. Aliniomba nirudie pale pa kiangazi. Nikarudia. Mabega yake yalikuwa yanatetemeka, nami nikadhani nimeshinda, kaka, nilidhani kweli nimeshinda.

Alipotoa taulo macho yalikuwa mekundu, lakini uso umetulia. Aliniambia, "Angeyasema Februari, ningemshika mkono tukaenda wote mpaka kwenye mlango wa hospitali. Angeyasema pale, mimi nikiwa nyuma ya pazia, labda pia. Lakini wakati anayasema, mimi nilikuwa ukutani ninajiona nimetulia bila yeye. Siwezi kujifanya sijaona." Nilimuuliza kama hampendi tena. Akasema hilo siyo swali ambalo sasa anaweza kulijibu, na kwamba anamshukuru Baba kwa kuyasema, ila aliyeyasikia ni mimi, siyo yeye. Kisha akanifuta mchanga mgongoni, akasema, "Njia ya Chiavari anaijua."

Chiavari tulisimama kwenye kile kichochoro cha Mama mkubwa ambapo Nyangumi haenei vizuri, magari nyuma yakipiga honi. Mama mkubwa Zita alitoka na aproni, akapokea begi, akanibusu, akamwambia Baba, "Wewe nenda, unaziba mtaa," lakini alimshika shavu kidogo. Mama alimpa Baba mkono, halafu akamkumbatia. Mimi nilirudi kwenye kiti cha mbele.

Baba alikaa kwenye usukani. Honi zilikuwa zinalia. Akaita, "Ngazi?" Nikajibu imepanda. "Gesi?" Nikajibu imefungwa. Akaita dirisha, akaita friji, nami nikajibu yote, nikijua linalofuata na nikiomba akumbuke kabla hajalifikia. Hakukumbuka. Au alikumbuka akaliita hivyohivyo, sijui. Aliita kwa ile sauti yake ya kuchokoza, na nyuma yetu pazia lilikuwa wazi.

Nilimwambia, "Hayupo, Baba."

Akasema, "Ndiyo. Kweli." Akawasha injini.

Hiyo ndiyo habari ya likizo yetu. Sikuandiki ili umchukie mmoja wao, wala usiombe likizo kazini. Ninalokuomba ni dogo. Ukimpigia Mama, mwambie unajua habari za Februari, na umuulize kovu lake linaendeleaje, maana nadhani amechoka kulificha. Na ukimpigia Baba, usimuulize kitu chochote kuhusu Mama, muulize habari za Nyangumi.

Kwa sababu kuna jambo moja la mwisho. Kila jioni baada ya kazi Baba anaingia ndani ya Nyangumi uani. Mwanzoni nilidhani anatengeneza kitu. Juzi nilimpelekea kahawa, nikasikia sauti, nikasimama nje na kikombe mkononi. Alikuwa amekaa kwenye usukani, amevuta pazia la nyuma, na anaongea nalo. Anajizoeza, Ruggero. Anaanza na "Mirella," kisha mama yake, kisha kituo cha basi, na akikosea anarudi mwanzo, kama sisi shuleni tunapokariri. Jana nilipompelekea tena kahawa, alifika mpaka "niliogopa" bila kukatika. Halafu akarudi mwanzo, na kahawa ikapoa mkononi mwangu.

Sikumwambia kwamba nimesikia. Sikumwambia pia alichosema Mama kuhusu njia ya Chiavari. Labda ninakosea kutomwambia, nisaidie wewe kuamua, wewe ni mkubwa. Nimeona tu kwamba asubuhi hii amejaza tangi la maji safi, na mwezi wa Septemba huwa tunalimwaga kwa kuwa safari zimekwisha.

Basi niishie hapa, meza inahitajika kwa chakula. Ines na Gualtiero wanakusalimu, Mama mkubwa Zita anakusalimu na anasema uvae fulana ya ndani. Kalia kile kipande cha godoro. Nijibu kwa mkono wako, hata mistari michache yenye makosa, niwe na kitu cha kumsomea Mama.

Nakubusu mashavu yote mawili.

Mdogo wako akupendaye,
Nives